Kadi ya Mize na Sigara Niliyoisitiri

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaripiwa kabla jua halijapanda. Nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi Unguja, nguo nyeupe imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe, na nilipangiwa wodi ya wazazi kule Mkoani. Sista Dhamana, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, alinikabidhi wajawazito watatu niwapime. Wawili niliwapima vizuri. Wa tatu alikuwa amelala, nikaona haya kumwamsha, nikakisia mapigo ya moyo wa mtoto wake na kuandika namba inayofanana na za wenzake. Sista akaichukua chati, akaisoma, kisha akaniangalia.

"Huyu wa tatu umemsikiliza?"

"Ndiyo, Sista."

"Kwa sikio gani? Fetoskopu niliichukua ulipomaliza wa pili. Ninayo mfukoni."

Fetoskopu ni kile chombo kinachofanana na tarumbeta ndogo: upande mmoja unauweka tumboni mwa mama, wa pili sikioni mwako. Siku hizi kuna mashine zinazoyapaza mapigo chumba kizima kikasikia. Wakati wetu mashine ilikuwa sikio lako na utulivu wako. Sista alinisimamisha pale pale, mbele ya wagonjwa, akaniambia, "Anayeandika asichokisikia anatunga hadithi. Ukitaka kutunga hadithi, rudi kwenu ukawatungie wadogo zako." Nilitamani ardhi ipasuke. Nilijiapiza kwamba kalamu yangu haitasema uongo tena, na kwa miaka mingi nilikitimiza kiapo hicho, tena kwa majivuno. Wenzangu walinichoka.

Kutoka Mkoani nilipelekwa Kisiwa Panza, nikakaa miaka mitatu nikizalisha na kuchanja. Kisha nikahamishiwa kituo kidogo cha afya upande wa kusini, nikiwa ndiye mkunga wa pekee. Jina la kituo hicho silitaji, maana kosa ninalotaka kulieleza si la kituo, ni langu, na watu wake wangali hai.

Kliniki ya wajawazito ilikuwa Jumanne. Meza yangu niliiweka mlangoni ili nipate mwangaza, na kina mama walikaa barazani kwenye benchi, hatua mbili kutoka nilipo. Kila mmoja aliletwa na mama mkwe wake au wifi, akasimama naye begani mpaka mwisho. Nilikuwa na kadi yenye maswali, nikiyasoma kwa sauti: mimba ya ngapi, zimeharibika ngapi, presha, kisukari, pombe, sigara. Mara nyingi mama mkwe ndiye aliyejibu. Nikifika kwenye sigara, baraza zima lilicheka.

"Bi Riziki nawe," mmoja angesema, "sigara kamuulize mumewe."

Na mimi nikicheka nao. Baada ya miaka michache nikawa ninaandika "Hapana" kabla sijauliza, ili foleni iende. Tumbaku ya kutafuna, ile inayotiwa kwenye tambuu, sikuiuliza kabisa kwa sababu kadi yenyewe haikuiuliza. Moshi wa mume ndani ya nyumba nao haukuwa na mstari wake. Daktari Dhamana wa Wilaya alipokuja kukagua alilipekua rejesta langu akatabasamu. "Wilaya safi hii, Bi Riziki. Hakuna mvutaji hata mmoja." Nikamjibu, "Hakuna, Daktari." Tukanywa chai.

Mize alikuja kwa mara ya kwanza akiwa na miezi minne ya mimba yake ya kwanza. Alikuwa binti mwembamba, mpole, aliyeolewa na Faki, mchukuzi wa mizigo bandarini. Aliletwa na mama mkwe wake, Bi Mkasi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya pili. Bi Mkasi alijibu maswali yote. Nikaandika nilivyozoea kuandika.

Alipofika wiki ya thelathini nilishtuka. Tulikuwa tunapima kimo cha mji wa mimba kwa utepe, kuanzia mfupa wa kinena hadi juu unapoishia, na kwa kawaida sentimita hukaribiana na idadi ya wiki. Wa Mize ulikuwa sentimita ishirini na sita. Nikapima tena. Ishirini na sita. Presha nzuri, damu si mbaya, malaria hana. Nilipokuwa nimeinama juu yake na fetoskopu, mkono wake ulipita karibu na pua yangu, nikasikia harufu. Nikautazama mkono: kucha mbili zina rangi ya manjano, na manjano yale hayakuwa ya bizari.

Nikampa Bi Mkasi kichupa. "Bi mkubwa, nisaidie kukisuuza hiki pale mferejini, tumpime mkojo." Alipotoka nikafunga mlango.

"Mize, unavuta?"

Machozi yalianza kumtoka bila sauti.

"Nambie mimi. Mtoto wako hakui."

"Nkilelewa na bibi yangu," akasema. "Alikuwa yuavuta za kusokota. Mikono ikimtetemeka, mie ndo nkimuwashia. Nkiwa na miaka kumi nshazoea. Huku nachukua za Faki, mbili, tatu kwa siku, navutia chooni. Yeye mwenyewe yuavuta ndani, kwa hivyo hapana asikiaye harufu yangu."

Nilishika kalamu. Yeye akanishika mkono.

"Bi Riziki, nsitiri. Kadi hii yarudi nyumbani. Wifi yangu huisoma kila neno kwa sauti, mama mkwe asikilize. Ukiandika hapo, leo hii mie nshaachwa."

Hakuwa akitia chumvi. Mwanamume akivuta kwetu ni mwanamume tu. Mwanamke akivuta ni habari, na habari hiyo ingefika kwao kabla yeye hajafika na mzigo wake. Na nyinyi mnaosoma haya mkumbuke tulivyolelewa: kumsitiri mwenzako aibu yake ni katika mambo ya thawabu. Mwenye kumfichua mtu ndiye mbaya. Nilisikia nyayo za Bi Mkasi zinarudi barazani. Kwenye kadi palikuwa pameshaandikwa "Hapana" tangu ziara ya kwanza. Ningeweza kuikata kwa mstari mmoja. Badala yake nikaifunika kalamu mfuniko wake, nikafungua mlango. Kwenye rejesta langu nako, ambalo halikutoka kituoni na wifi asingelisoma abadani, sikuandika kitu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu pale hapakuwa na wa kumsitiri.

Nilimwambia Mize aache. Nilimwambia kwa ukali, kila Jumanne, kwa kunong'ona. Nilimweleza tuliyofundishwa: kwamba moshi unapunguza damu na hewa safi inayopita kwenye kondo la nyuma, ile nyama inayomlisha mtoto, na kwamba sumu yake inafika hadi kwenye ubongo unaojengeka. Waadhi nilimpa mwingi. Msaada sikumpa. Sikumuuliza hata siku moja saa zipi hamu inambana, wala sikutafuta hila ya kumwambia Faki avutie nje. Alipunguza, hakuacha. Mtoto alizaliwa akiwa na kilo mbili na kidogo, msichana, nikamfunga kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi wiki mbili ili apate joto. Walimwita Saumu. Alipotoka akiwa mzima nikajiambia mambo yamekwisha, na siri imekufa.

Miaka ikapita. Nilipandishwa cheo nikawa mratibu wa afya ya mama na mtoto wa wilaya, na kazi yangu ikawa kuzunguka vituo nikikagua rejesta za wenzangu kwa ukali ule ule wa Sista. Nilikuwa nimebakiwa na miezi mitatu kustaafu pale mwalimu mkuu wa skuli moja alipotuletea barua. Mtoto wa darasa la pili hakai kitini. Hamalizi mstari mmoja wa kuandika. Amemng'ata mwenzake sikio, ametoka mbio darasani mara mbili hadi barabarani, na mara ya pili gari ilikosa kidogo tu kumgonga. Fimbo haimsaidii. Skuli inaomba ushauri, la sivyo haitaweza kuendelea naye. Nikasoma jina la mtoto, kisha jina la baba. Alikuwa Saumu, mtoto wa Faki.

Wiki hiyo tulikuwa na daktari wa watoto kutoka Unguja, kijana, mpole wa maneno, aliyekuja kuona watoto wenye matatizo ya tabia na kujifunza. Niliwaita. Wakaja wote: Faki, Bi Mkasi, Mize na Saumu. Mize aliponiona alinisalimu kwa heshima kama mtu asiyenijua.

Saumu alikuwa na miaka minane, macho maangavu, mkwaruzo mpya kwenye goti. Alipanda mzani, akashuka, akafungua droo yangu, akaninyang'anya utepe wa kupimia, akamuuliza daktari swali, akaondoka kabla hajajibiwa. Hakuwa na ubaya hata chembe. Mwili wake ulimtangulia tu. Kifua chake nacho kilikuwa kinapiga filimbi kila alipokimbia.

"Huyu ana shetani," Bi Mkasi alimwambia daktari bila kuzunguka. "Upande wa mamake, sie kwetu hatuna. Alkhamisi twampeleka kwa mganga. Atafungiwa siku saba, afukizwe asubuhi na jioni mpaka shetani ashuke."

Nilijua kufukizwa kulivyo. Mtoto anafunikwa shuka zito pamoja na chetezo, moshi unamjaa, akitapatapa anashikwa, kwa kuwa kutapatapa ndiko kunakosemwa kuwa ni shetani anatoka. Nilishapokea mtoto mmoja aliyefukizwa hivyo, mwenye kifua kama cha huyu. Hakurudi nyumbani akiwa hai. Siku ile ilikuwa Jumanne.

Daktari alisema wasifanye hivyo. Bi Mkasi akamtazama vizuri.

"Daktari, sie si majuha. Ukitwambia sababu, tutasikiliza. Ukiwa huna, basi sababu tunayo sie."

Daktari akaomba kadi ya mimba. Mize aliitoa kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne, imehifadhiwa miaka yote ile kama hati ya shamba. Daktari akaisoma kwa sauti, mstari baada ya mstari. Presha, hakuna. Kisukari, hakuna. Homa, hakuna. "Sigara, hapana. Pombe, hapana." Akaigeuza. "Uzito mdogo alipozaliwa, lakini sioni kilichousababisha." Akamgeukia Mize kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali. "Mama, nyumbani unamlea vipi?"

Faki akapumua kwa kishindo. "Nshasema mie. Mamake ndo kamharibu kwa kumdekeza."

Mize hakuinua uso. Mikono yake alikuwa ameificha ndani ya buibui. Wakati huo Saumu alikuwa chini ya meza, akiufunga mguu wangu kwa utepe wangu mwenyewe.

Nataka niseme ukweli wa nilichokihisi, kwa sababu vijana mnadhani wazee walikuwa na moyo wa chuma. Nilihisi woga. Niliogopa kuumbuka miezi mitatu kabla ya kuagwa, mimi niliyewaliza wakunga wadogo kwa rejesta chafu. Na nyuma ya woga huo kulikuwa na mwingine wenye haki zaidi: siri ile haikuwa yangu. Nikiisema, ninamwachisha mwanamke mbele ya mumewe. Nikinyamaza, Alkhamisi inakuja.

"Kadi hiyo niliijaza mimi," nikasema. "Ina uongo ndani yake."

Daktari aliweka kalamu chini. Bi Mkasi akageuka mzimamzima.

"Uongo gani, Bi Riziki?"

"Wangu. Niliyaandika nisiyoyauliza, na nilipojua sikurekebisha. Naomba wengine mtoke nje, nizungumze na daktari na mama wa mtoto peke yao."

Ndivyo nilivyotakiwa kufanya miaka minane iliyopita, kumtoa kila mtu na kuuliza kwa faragha. Lakini hakuna aliyesogea. Faki alikuwa ananitazama mimi, kisha akamtazama mkewe, na nikaona anaanza kuhesabu jambo jingine kabisa, jambo la wivu. Mize naye aliliona. Akatoa mikono nje ya buibui akaiweka juu ya meza.

"Nkivuta," akasema. "Mimba nzima. Bi Riziki kajua, mie ndo nlomwomba anistiri. Hapana jingine. Mwaka wa tatu sasa nimeacha, lakini yeye huyu nlimvutia tumboni."

Hata Saumu alitulia chini ya meza.

Daktari alizungumza polepole, na ninamshukuru kwa kutodanganya. Alisema hawezi kuapa kwamba sigara ndiyo iliyomfanya Saumu awe hivyo, maana tabia ya mtoto ina mizizi mingi, mingine ya damu ya ukoo, mingine ya malezi, mingine haijulikani. Lakini kuvuta wakati wa mimba, akasema, ni katika mambo yanayojulikana kuongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa mdogo, na baadaye kukosa utulivu, kushindwa kuzingatia, kufanya jambo kabla ya kulifikiri. "Ubongo wake unahitaji kusaidiwa, si kuadhibiwa. Na kifua hiki kikitiwa moshi siku saba, anaweza kufa." Kisha akamtazama Faki. "Wewe unavuta ndani?"

"Mie mwanamme," Faki akajibu.

"Pafu la mtoto halijui hilo," daktari akasema.

Bi Mkasi alisimama, akajitengeneza mtandio wake, akamvuta Saumu kutoka chini ya meza kwa mkono, si kwa nguvu. "Alkhamisi hatwendi," akasema, akatoka naye.

Talaka moja ilitoka wiki ile ile. Mize akarudi kwao na mtoto. Nililala vibaya siku zile, na kila mlango uliobishwa nilidhani ni kaka zake wamekuja kunilaumu. Hawakuja. Kabla eda haijaisha nikasikia Faki kamrejea mkewe, na aliyemlazimisha ni Bi Mkasi. Alimwambia mwanawe mbele ya watu, "Sigara kaileta nani ndani ya nyumba yangu? Mtafute huyo umwache kwanza." Sijawahi kumpenda mtu mkali kama nilivyompenda siku hiyo.

Nilimwandikia Daktari Dhamana wa Wilaya barua ya kukiri. Alikuwa mwingine, kijana zaidi. Aliisoma akanirudishia.

"Bi Riziki, tunakuandalia hafla. Unataka niifanye nini hii?"

"Itie kwenye faili langu."

"Hakuna aliyelalamika."

"Aliyepaswa kulalamika ana miaka minane."

Akaitia. Nikapewa barua ya onyo siku kumi kabla ya kustaafu, na kwenye hafla nikapewa kanga na saa ya ukutani. Zote tatu ninazo.

Wakunga wanaonitembelea huuliza nini kimebadilika tangu zama zetu. Nawaambia waondoe meza mlangoni. Wamwone mjamzito peke yake japo kwa dakika tano, waulize sigara, waulize tumbaku ya tambuu, waulize nani anavuta ndani, na waulize kwa sauti ya mtu anayetaka jibu. Jibu likiwa zito, liandikwe kwenye rejesta la kituo, si kwenye kadi inayosomwa ukumbini. Na anayevuta asipewe waadhi tupu. Kumsitiri mama kunawezekana bila kumficha mtoto. Mimi sikuijua njia hiyo, na sikuitafuta.

Skuli sasa inamkalisha Saumu mbele, inampa kazi fupi fupi, na ndiye anayetumwa kugawa madaftari ili asimame kwa halali. Bado ni mtundu, bado hupigana. Siku tatu kwa wiki, akitoka skuli, hupitia kwangu. Tunasoma tukiwa tunatembea uani, yeye mbele na kitabu, mimi nyuma na magoti yangu mabovu. Mize aliniambia mapema, "Akikuuliza, mwambie. Mie nshajaribu, siwezi."

Akauliza mwezi uliopita. Alisimama kwa mguu mmoja, kitabu kimefunikwa kichwani.

"Bibi, ati mie niliungua tumboni? Watoto wasema."

"Hukuungua. Ulizaliwa mdogo, ukalia kwa nguvu, nikakupokea mimi."

"Sasa mbona situlii?"

Nikakaa kwenye ngazi ili macho yetu yalingane. Nikamwambia kwamba mama yake alikuwa amezoeshwa jambo tangu utotoni na hakuweza kuliacha, kwamba moshi pengine ulimfikia alipokuwa tumboni, kwamba si kosa lake yeye hata kidogo. Nikamwambia na langu: kwamba nilijua tangu hajazaliwa, na kama ningeliandika, watu wazima wangejua mapema kwamba anahitaji msaada, na zile fimbo zote za darasa la kwanza na la pili huenda zisingempata.

Alibadilisha mguu. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akifikiri.

"Ungesema," akaniambia.

Kisha akanipa kitabu nimshikie, akakimbia kwenda kucheza.